Betri ya Moyo Imefika, Maarifa ya Kuishi Nayo Yamechelewa

Tiba ya maradhi ya moyo imepiga hatua kubwa nchini mwetu katika miaka ya karibuni. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili jijini Dar es Salaam, imewapunguzia wagonjwa wengi safari ya India, ambayo hapo zamani ilikuwa karibu ndiyo njia pekee ya kupata tiba ya namna hiyo. Miongoni mwa kazi zinazofanywa na wataalamu wa taasisi hiyo ni kupandikiza chini ya ngozi ya kifua kifaa kidogo cha kusaidia mapigo ya moyo. Madaktari wana majina yao ya kigeni kwa kifaa hicho, lakini wananchi wamekwisha kukipa jina la Kiswahili linaloeleweka na kila mtu: betri ya moyo.

Makala haya hayakusudii kueleza ustadi wa upasuaji huo, ambao kwa kawaida humalizika kwa muda wa saa moja au mbili. Yanakusudia kuuliza juu ya miaka inayofuata. Mgonjwa akisharudi nyumbani kwake Poli au Nkoaranga kwenye miteremko ya Mlima Meru, au Unga Limited katika jiji la Arusha, ataishi na kifaa hicho kwa miaka minane, kumi au zaidi kabla hakijabadilishwa. Katika muda huo atalima, atabeba mkungu wa ndizi, atapanda pikipiki, atakwenda mashineni kusaga mahindi, na huenda akasimama kando ya fundi wa kuchomelea vyuma, au yeye mwenyewe akawa ndiye fundi. Maarifa ya kuishi na kifaa hicho yapo na yamechapishwa, lakini yamechapishwa kwa ajili ya watu wengine waishio maisha mengine. Hoja yangu ni kwamba kuyaandika upya kwa ajili ya maisha ya hapa ni kazi ya sayansi, na si jambo dogo la kuachiwa daktari mwenye wagonjwa hamsini mlangoni.

Umeme wa moyo na mahali unapokatika

Hatuna budi kwanza kueleza kifaa hicho hufanya nini. Moyo ni pampu, lakini ni pampu yenye mtambo wake wa umeme. Katika chumba cha juu cha upande wa kulia kuna kundi dogo la chembe hai ambazo hutoa ishara ya umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu anapokuwa ametulia. Ishara hiyo huenea katika vyumba vya juu, hupita katika kifundo kilichoko kati ya vyumba vya juu na vya chini, kisha hushuka kwenye vyumba vya chini, navyo hujikaza na kusukuma damu mwilini. Kwa siku moja kazi hiyo hurudiwa mara 100,000 hivi.

Njia hiyo ya umeme inaweza kuharibika, aghalabu kwa uzee, au kwa maradhi mengine ya moyo. Ikikatika kabisa, vyumba vya chini havisimami mara moja; hujitafutia mapigo yao wenyewe, ya polepole mno, pengine 40 au 30 tu kwa dakika. Ubongo hukosa damu ya kutosha. Mtu huona kizunguzungu, huchoka kwa kazi ndogo, na mara nyingine huanguka ghafla na kupoteza fahamu, kisha huamka baada ya muda mfupi kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapa pana hatari ya kwanza inayotokana na upungufu wa maarifa. Mtu anayeanguka namna hiyo, hasa akitetemeka viungo anapokosa damu ubongoni, hudhaniwa kuwa ana kifafa, na pengine hutumia dawa za kifafa kwa miaka. Wengine hudhaniwa kuwa wamerogwa. Si kila anayeanguka ni mgonjwa wa moyo, na kifafa ni maradhi ya kweli yanayohitaji tiba yake. Lakini kipimo cha kwanza cha kutenganisha mambo haya mawili hakihitaji mtambo wowote. Kinahitaji vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, saa yenye mshale wa sekunde, na subira ya dakika moja nzima. Mtu mzima anayeangukaanguka, na ambaye mapigo yake yanahesabika chini ya 40, apelekwe bila kukawia penye kipimo cha umeme wa moyo. Hilo laweza kufanywa na kila zahanati.

Kifaa kinachosikiliza

Betri ya moyo ni kisanduku bapa cha madini ya titani, chenye uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi. Ndani yake mna betri na saketi za elektroniki. Kutoka humo hutoka waya mmoja au miwili inayopitishwa ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye vyumba vya moyo. Jambo la kukumbuka ni kwamba kifaa hiki hakipigi tu kama saa ya ukutani. Kwanza husikiliza. Moyo ukitoa pigo lake kwa wakati, chenyewe hunyamaza. Moyo ukichelewa, hutoa msukumo mdogo wa umeme ambao mgonjwa hausikii kabisa.

Masharti mengi ya kuishi na kifaa hiki yanatokana na usikivu huo. Umeme au uga wa sumaku unaobadilikabadilika, wenye nguvu na ulio karibu mno na kifua, unaweza kuingia katika waya na kusikika kama pigo la moyo. Kifaa kitadhani kwamba moyo unafanya kazi, nacho kitanyamaza wakati kinapohitajiwa. Kwa bahati njema, uga wa sumaku hudhoofika upesi mno kwa umbali. Kwa chanzo kidogo, umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu yake hupungua hadi karibu moja ya nane. Ndiyo maana hatua moja ya kurudi nyuma mara nyingi ni kinga kamili.

Yafaa pia kukumbuka kwamba ufundi huu haukuanza ukiwa kamili. Mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa cha namna hii alikuwa Arne Larsson, katika mji wa Stockholm nchini Sweden, tarehe 8 Oktoba, 1958. Mhandisi Rune Elmqvist ndiye aliyekitengeneza na daktari Åke Senning ndiye aliyekipandikiza. Nayo inasimuliwa kwamba kalibu la kukifinyanga lilikuwa kopo la dawa ya viatu. Kifaa hicho cha kwanza kilidumu kwa saa chache tu. Betri za litiamu, zilizoanza kutumika katika vifaa hivi katika miaka ya 1970, ndizo zilizowezesha kifaa kudumu kwa miaka. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini, akaishi hadi mwaka 2001, akafa kwa maradhi mengine akiwa na umri wa miaka 86, baada ya mhandisi na daktari wake wote wawili kutangulia. Maisha yake yanathibitisha kwamba operesheni ya kwanza ni mlango tu. Aliishi kwa sababu kila kifaa kilichochoka kilijulikana kuwa kimechoka, kikabadilishwa.

Vijitabu vilivyoandikiwa maisha ya wengine

Vifaa hivi hutengenezwa na viwanda vichache vya nchi za ng'ambo, na kila kifaa huja na kijitabu cha mgonjwa. Katika vile nilivyovisoma, nimekuta maelezo ya kina juu ya mashine za kuondolea theluji mlangoni, juu ya vifungulio vya umeme vya milango ya gereji, na juu ya majiko ya mawimbi. Maelezo hayo ni sahihi na yamepimwa kwa uangalifu. Lakini theluji yetu iko juu ya Kilimanjaro, na mara chache juu ya kilele cha Meru, mita 4,566 kutoka usawa wa bahari, wala haimzibii mtu mlango. Jembe, mashine ya kusaga, kanga ya kubebea mtoto na pikipiki ya abiria havimo.

Tuchukue mfano mmoja ulio mwepesi kuuona. Vijitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Marekani huzungumzia mkanda wa gari unavyoweza kumsumbua dereva, kwa kuwa kifaa hupandikizwa mara nyingi upande wa kushoto wa kifua, na dereva wa Marekani huketi kushoto, mkanda ukipita juu ya bega lake la kushoto. Hapa kwetu mambo yamegeuka. Dereva huketi kulia na mkanda wake hupita bega la kulia. Anayebanwa kidonda ni abiria wa kiti cha mbele. Ushauri wenyewe haubadiliki: mkanda usiachwe hata siku moja, bali kipande cha kitambaa laini kiwekwe kati yake na kidonda mpaka kipone. Lakini anayepaswa kuambiwa ni mtu mwingine. Ikiwa jambo dogo kama hili hugeuka kwa kuvuka bahari, ni mangapi mengine yaliyogeuka bila sisi kuyatazama?

Jembe, mashine na spika

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgonjwa wetu haraka hiyo haifai, lakini siku ya jembe lazima ije. Katika majuma manne hadi sita ya kwanza, nyaya zinapokuwa zinashikamana na moyo, mkono wa upande wenye kifaa usiinuliwe juu ya bega wala usibebe mzigo mzito. Kwa mkulima wa Meru maana yake ni hii: asikate mkungu wa ndizi, asivute matawi ya kahawa yaliyo juu, asipasue kuni, asiinue ndoo ya maji kuitia kichwani. Wakati huohuo bega lisifungwe likakaa bila kutikisika kabisa, kwani litakakamaa. Baada ya muda huo, na daktari akisharidhika, wengi hurudi kulima kama zamani. Kumkataza mtu jembe maisha yake yote, kwa hofu tu, ni kumpa ugonjwa wa pili ambao ni umaskini.

Kamba ya mfuko, au kanga ya kubebea mtoto mgongoni, isikatize juu ya kifaa na kukisugua. Kifaa chenyewe kisichezewe kwa vidole. Wapo wagonjwa, katika nchi nyingi, ambao kwa kukizungushazungusha chini ya ngozi wamevuta nyaya zikatoka mahali pake, na maradhi yao yakarudi. Kwa sababu hiyo mahali hapo pasichuliwe kwa mafuta, pasichanjwe chale, wala pasiumikwe. Pakivimba, pakiwa pekundu au pakitoa usaha, mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya majani au maji ya moto haitazuia vijidudu kufuata waya hadi ndani ya moyo.

Simu ya mkononi haina hatari ikikaa sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa: isiwekwe katika mfuko wa shati upande huo, na isikilizwe kwa sikio la upande wa pili. Spika kubwa za kwaya na za sherehe zina sumaku nzito ndani. Kukaa ukumbini na kusikiliza hakudhuru, bali kuikumbatia spika kifuani ili kuihamisha ndiko kunakodhuru. Injini ya gari au ya pikipiki inayounguruma, na msumeno wa mnyororo, vikae walau sentimita 30 kutoka kifuani. Basi fundi asiinamie injini iliyo wazi ikiwa inafanya kazi. Redio, televisheni, pasi, jokofu na taa za umeme wa jua havina neno, mradi ni vizima.

Katika lango la ukaguzi, liwe la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro au la benki, mgonjwa apite kwa mwendo wa kawaida bila kusimama kati ya nguzo zake, aonyeshe kadi yake, na aombe kwamba kifimbo cha kukagulia kisishikiliwe juu ya kifua chake. Hospitalini aitaje betri yake kwa kila mhudumu. Picha za eksirei na za mawimbi ya sauti hazina tatizo. Mtambo wa kupiga picha kwa sumaku kubwa unahitaji idhini ya wataalamu na matayarisho maalumu, kwani vifaa vingine vinauruhusu kwa masharti na vingine haviuruhusu. Matibabu ya kupasha misuli joto kwa mawimbi ya umeme hayamfai kabisa.

Linabaki suala la fundi wa kuchomelea. Katika karakana za Unga Limited kazi hiyo ni riziki ya watu wengi. Ushauri wa viwanda ni kwamba kifaa kikae angalau sentimita 60 kutoka kwenye cheche na nyaya, mkondo usiwe mkubwa, nyaya mbili ziwekwe pamoja sakafuni badala ya kupitishwa begani, na fundi asichomelee mara kwa mara kwa vipindi vifupi vifupi. Akiona kizunguzungu, aache mara moja na kusogea mbali. Lakini mashine nyingi za karakana zetu zimeundwa na mafundi wenyewe, kwa waya wa shaba na mabati ya transfoma kuukuu, na hazina kibandiko cha kuonyesha ampea. Sentimita 60 za kijitabu zilipimwa kwa mashine za kiwandani. Hazikupimwa kwa hizi.

Tupime wenyewe

Ndipo tunapofikia kiini cha hoja. Ukimwambia fundi huyo aache kazi, pengine umemnyima riziki bila sababu. Ukimwambia aendelee, pengine umemhatarisha. Katika hali zote mbili umesema bila kupima. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo nilifanya kazi kwa miaka kadhaa na vyombo vya kupimia uga wa sumaku. Vyombo vya kawaida vya kazi hiyo hushikwa kwa mkono mmoja, na kijana aliyesoma fizikia ya sekondari hufundishika kuvitumia kwa siku chache.

Arusha ina bahati ya kuwa na taasisi zinazofaa kwa kazi hii. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye maabara zake Njiro, husimamia usalama wa mionzi, ikiwamo ile ya minara ya simu. Chuo cha Ufundi Arusha hufundisha mafundi wa umeme na wa vifaa tiba. Tengeru ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Wanafunzi wa vyuo hivi wangeweza, kwa muhula mmoja tu, kupima mashine za kusaga za Tengeru na Ngaramtoni, karakana za kuchomelea, spika za makanisa na za kumbi, na uzio wa kituo cha kupoozea umeme cha Njiro, wakachora kwa kila kimoja ni umbali gani ulio salama. Hiyo ni sayansi halisi, na matokeo yake yangemfaa mtu aliye hai.

Asije mtu akadhani kwamba kupima wenyewe ni kurudia tu yaliyokwisha kujulikana. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, majirani zetu, watafiti waliwapima wazee 2,232 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ili kujua ni wangapi wenye ugonjwa wa kutetemeka kwa vyumba vya juu vya moyo, yaani mapigo yasiyo na mpangilio. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba ni 15 tu waliokuwa nao, chini ya mtu 1 kwa kila 100, hali wazee wa umri huo katika Ulaya na Marekani wenye ugonjwa huo ni wengi mara kadhaa. Sababu za tofauti hiyo zinaweza kujadiliwa, lakini jambo moja ni dhahiri: aliyenakili takwimu za ng'ambo na kuzibandika Hai angekosea.

Ugonjwa huo wa mapigo yasiyo na mpangilio ni tofauti na ule wa mapigo ya polepole, na betri peke yake si tiba yake. Wengi wa wagonjwa wake huhitaji dawa za kuzuia damu kuganda, ili bonge la damu lisipande ubongoni na kuleta kiharusi. Moja ya dawa hizo, warfarini, hushindana na vitamini K, ambayo imo kwa wingi katika majani mabichi ya rangi ya kijani. Vijitabu vya ng'ambo hutaja mboga za huko. Mama wa Meru anapika mnafu, mchicha, sukuma wiki na majani ya maboga, na mboga hizo huwa tele wakati wa masika, zikawa haba wakati wa kiangazi. Ushauri sahihi si kuziacha, kwa maana ni chakula bora. Ni kula kiasi kilekile juma hata juma, na kupimwa damu upya majira yanapobadilika. Sentensi hiyo moja, ikiandikwa kwa Kiswahili na kwa majina ya mboga zetu, yaweza kumwepusha mtu na kiharusi.

Betri hukoma

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Betri ya moyo haichajiwi. Inapokaribia kuisha, kifaa huonyesha dalili miezi michache kabla, lakini mara nyingi dalili hiyo huonekana tu kwa mtambo maalumu wa kukikagua, unaowekwa juu ya kifua na kusoma hali ya betri na ya nyaya. Ndiyo maana mgonjwa hupaswa kukaguliwa walau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi miaka inapokwenda. Betri ikichoka, hubadilishwa kisanduku chote kwa operesheni ndogo. Nyaya, zikiwa nzima, huachwa.

Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Mtu anayejisikia mzima, na ambaye nauli ya kwenda na kurudi ni fedha ya mbolea, ataahirisha safari hiyo mwaka wa kwanza, na wa pili, mpaka siku ile ya kuanguka irudi. Taasisi ya Moyo imekuwa ikipeleka wataalamu wake mikoani kwa huduma ya tiba mkoba, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini ukaguzi wa betri ni kazi ya ratiba, haifai kutegemea msafara. Fundi wa vifaa tiba aliyefunzwa vizuri, akisaidiwa na daktari kwa simu, angeweza kuifanya katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Zaidi ya hayo, vipo vifaa vipya vinavyoweza kupeleka habari zake kwa mtandao wa simu, hata mgonjwa akiwa amelala nyumbani kwake.

Kuna tatizo moja la kiufundi ambalo wananchi wengi hawalijui. Mtambo wa kukagulia wa kiwanda kimoja hausomi kifaa cha kiwanda kingine. Suala hili litazidi uzito, kwa sababu vifaa vya misaada vinaongezeka. Mwezi Novemba 2024 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Michigan, uliowahusu wagonjwa 298 katika nchi saba, Kenya ikiwa mojawapo. Vifaa vilivyotolewa kwa watu waliofariki, vikasafishwa, vikapimwa na kutakaswa upya, havikuonekana katika siku 90 za kwanza kuwa duni kuliko vipya. Kwa bara ambalo, kwa uchunguzi wa miaka ya 2011 hadi 2016, nchi ya katikati ilipandikiza vifaa chini ya 3 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, hiyo ni habari ya matumaini. Lakini kifaa cha bure kisicho na wa kukikagua ni deni, maana siku itakapochoka betri yake hapatakuwa na wa kuijua.

Wapo watakaosema kwamba wagonjwa wa namna hii ni wachache, na kwamba taifa lina malaria na vifo vya uzazi vya kushughulikia kwanza. Sikatai uzito wa mambo hayo. Lakini ninachopendekeza hakishindanii fedha ya vyandarua. Uchache wa leo, nao, kwa sehemu ni uchache wa waliogunduliwa. Kadiri wazee wetu wanavyozidi kuishi na vipimo vinavyozidi kuenea, idadi hiyo itapanda.

Mambo ya kufanya

Napendekeza mambo manne. Kwanza, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ikishirikiana na madaktari wa moyo na vyuo vya Arusha, iandae kijitabu cha Kiswahili chepesi, chenye picha, kinachotokana na vipimo vilivyofanywa hapa, na kisambazwe hadi zahanati. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kwa hiyo kisingizio cha kukosa istilahi hakipo.

Pili, kila mgonjwa apewe kadi ngumu ya Kiswahili na Kiingereza, yenye jina la kiwanda, namba ya kifaa, tarehe ya kupandikizwa na mwezi wa ukaguzi unaofuata. Ndugu zake waifahamu, kwani hata mauti yana sharti lake: marehemu akizikwa, kifaa hakina madhara, lakini akichomwa moto, kama ilivyo desturi ya wananchi wenzetu wa dini ya Kihindu, lazima kiondolewe kwanza, maana betri yake yaweza kulipuka.

Tatu, ukaguzi uwe na kituo cha kudumu katika mkoa, chenye mitambo ya viwanda vyote ambavyo vifaa vyake vimo vifuani mwa wakazi wake. Nne, katika kuitekeleza sheria ya bima ya afya kwa wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, gharama ya kubadilisha kifaa ihesabiwe tangu siku kinapopandikizwa. Operesheni ya pili si bahati mbaya. Tarehe yake inakadirika tangu mwanzo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri uvumbuzi mpya. Kifaa kipo, wataalamu wapo, vyombo vya kupimia vipo Njiro na Tengeru. Mkulima wa Nkoaranga aliyerudishiwa mapigo yake ana haki ya kujua, kwa lugha yake, siku gani ashike jembe, asimame wapi mashine ya kusaga inaponguruma, na mwezi gani arudi kukaguliwa kabla betri yake haijanyamaza.